Kupima Kikosi Kabla ya Ligi

Kila mwaka, kuanzia Juni mpaka Agosti, watu wa nchi hii huifanya kazi moja isiyo na mwajiri wala mshahara, na huifanya kwa bidii kuliko kazi nyingi zinazolipwa. Hupima vikosi. Ndani ya basi linalopanda Kitonga, kwenye kijiwe cha kahawa, mbele ya mashine za kupasua mbao hapa Mafinga, utasikia majina yakiwekwa kwenye mizani. Kipa yule mikono mizito. Beki huyu magoti yamekwisha. Kijana wa pembeni ana mbio lakini kichwani hamna kitu. Refa hajapuliza filimbi hata moja, lakini wanaume ishirini na watano wamekwisha kuhukumiwa, na baadhi yao wamekwisha kupoteza kazi.

Swali langu ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: tuna haki gani ya kumhukumu mtu kwa jambo ambalo bado hajalifanya?

Wako watakaosema nimekuza jambo dogo, kwamba mpira ni mchezo na maneno ya kijiweni ni upepo. Sikubaliani nao. Kwa anayetazama, mpira ni mchezo. Kwa anayecheza ni ada ya mtoto, kodi ya chumba na dawa ya mama. Tena kupima kikosi ni namna moja tu ya jambo kubwa zaidi tunalolifanya kila siku, ofisini, shuleni, hata katika posa, yaani kumtazama mtu leo na kutangaza atakavyokuwa kesho. Mimi mwenyewe nimekula mshahara wa serikali kwa kazi hiyo. Katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwafuata wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Unakaa nyuma ya darasa, fomu ipo mapajani, kipindi kinakwisha, nawe unaandika mistari michache. Mistari ile itafika mahali ambapo wewe hutafika kamwe. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi hawezi tena kujitetea kwa kusema, "Hayo ni maoni yangu tu."

Tukichunguza vizuri tutaona kwamba anayempima mchezaji kabla ya msimu huzungumza mambo matatu kwa pumzi moja. Huzungumza alichokifanya mchezaji huyo huko nyuma. Huzungumza anachokiweza leo, ambacho macho yanakiona: anakimbiaje, anapokeaje mpira, ana pumzi kiasi gani baada ya saa moja na nusu ya mazoezi. Kisha huzungumza atakachokifanya kuanzia Agosti mpaka Mei. Hili la tatu hakuna binadamu anayelijua, lakini ndilo linalotamkwa kwa sauti kubwa kuliko yote, kana kwamba limekwisha kutokea na mashahidi wapo.

Chukua mfano wa jirani zetu. Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilianzishwa mwaka 2011 na kuingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza msimu wa 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi. Aliyekipima kikosi kile kwa majina hakuona kitu cha kumtisha mtu. Yalikuwa majina ambayo msomaji wa magazeti ya michezo alikuwa hajapata kuyazoea. Msimu ulipokwisha, Azam walikuwa mabingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, Yanga wa pili, na Mbeya City walikuwa wa tatu, pointi 49 katika michezo 26. Simba walikuwa nyuma yao.

Ni nini ambacho mizani haikukiona? Nadhani ni hiki: kila mchezaji alipimwa peke yake, kama gunia la mahindi, na hakuna gunia linalobadilika uzito kwa kuwekwa karibu na gunia jingine. Mchezaji hubadilika. Wale vijana walikuwa wamepanda daraja pamoja. Mmoja alijua mwenzake atageukia upande gani kabla hajageuka, na beki alijua kwamba akipanda mbele kuna mtu atakayeziba nyuma bila kuitwa. Ujuzi wa namna hiyo haukai ndani ya mguu wa mtu yeyote. Unakaa katikati yao.

Hata hivyo nisionekane nawapigia chapuo wa nyumbani. Baada ya msimu ule, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulilewa. Tulianza kusema majina si kitu, kinachotakiwa ni moyo, na kila timu changa iliyopanda tuliitabiria makuu kwa kuwa tu ilikuwa changa. Huo nao ulikuwa utabiri, haukuwa na ushahidi kuliko ule wa kwanza. Mbeya City haikuipata tena nafasi ile ya tatu, na mwaka 2023 ilishuka daraja baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo. Ilirudi juu mwaka 2025. Moyo walikuwa nao miaka yote hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo vijiweni halizungumzwi: kupima si kazi ya mikono mitupu. Anayepima kwa kawaida ana nia, na mwenye fedha hupima ili achukue. Wazee wenzangu wanaikumbuka Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, kwenye migomba na mashamba ya chai, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Haikudumu kileleni. Vijana wa Tukuyu waliendelea kupimwa, na walioonekana wazito waliteremka Dar es Salaam. Sekilojo Chambua alitoka huko akaenda Yanga na kuwa mmoja wa viungo wanaokumbukwa hadi leo. Simlaumu hata kidogo, kwani kijana hana deni la kubaki na shida ili sisi tupate cha kushangilia Jumapili. Lakini mtu aseme basi kwamba mizani ile ilikuwa ya mnunuzi.

Mwaka huo huo wa 1986, huko Australia, ligi ya mpira wao wa asili, ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji kumi na wanane kila upande, ilianzisha utaratibu ambao kwetu ungeonekana kichekesho. Vijana wanaotaka kuingia ligi huorodheshwa, hupimwa na timu zote, na timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo huchagua ya kwanza. Bingwa husubiri mwisho wa foleni. Mtu akinitajia utaratibu huo huniuliza kama mwenye nguvu hadhulumiwi. Huenda anapunjwa kidogo. Ila ninachokiona mimi ni kwamba wale watu wamekubali kitu ambacho sisi tunakiruka: kwamba baada ya kuuliza "huyu ana thamani gani" kuna swali la pili, nalo ni "thamani hiyo imfae nani," na swali hilo halijibiwi kwa saa ya kupimia mbio.

Nirudi chini, kwenye mpira usio na televisheni. Miaka michache iliyopita viongozi wa timu moja ya kata hapa Mafinga waliniomba nikae nao wakati wa kupanga kikosi cha ligi ya wilaya, kwa heshima ya mvi zangu nadhani, maana ujuzi wangu wa mpira ni wa pembeni ya uwanja. Ilikuwa Julai, mwezi ambao ukungu wa huku kwetu hauondoki mpaka saa nne na wachezaji hufanya mazoezi ya asubuhi wamevaa masweta. Majina yalikuwa thelathini na moja, na yaliyohitajika ni ishirini na tano. Ishirini na mawili yalipita ndani ya saa moja. Yaliyobaki yalitula usiku mbili.

Ugomvi ulikuwa kwenye namba sita. Mmoja alikuwa mpasua mbao wa miaka thelathini na minne, nahodha kwa miaka tisa. Jezi za kwanza za timu alizinunua yeye, na mipira ililala nyumbani kwake, chini ya kitanda cha watoto. Wa pili alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuja kupakia mbao kwenye malori, tuliyekuwa tumemwona kwa wiki sita tu. Kwa yeyote mwenye macho, kijana alikuwa bora. Kikao kiligawanyika. Upande mmoja ulisema nahodha ndiye timu yenyewe, na kumwacha ni sawa na kuuza shamba lenye kaburi la baba. Upande wa pili ulisema jana haifungi bao. Kila upande ukatabiri: kwamba nahodha hatafika Oktoba bila kuumia, kwamba kijana atapotea na lori la kwanza litakalomwahidi mshahara mzuri zaidi.

Nilikuwa upande wa kijana. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliuliza zamani, kama tuna filimbi nzuri kuliko nyingine, apewe nani. Akajibu apewe apigaye filimbi vizuri zaidi, si mwenye ukoo wala mwenye sura. Nafasi katika timu ni filimbi ya namna hiyo. Haigeuki mali ya mtu kwa kuikalia miaka tisa, wala kwa kununua jezi. Fedha za jezi ni deni, na deni hulipwa kwa fedha, kwa shukrani, kwa kumpa mtu kiti cha mbele siku ya sherehe. Kulilipa kwa nafasi ya uwanjani ni kumnyang'anya kijana ili kulipa deni ambalo hakulikopa yeye. Yuko mjumbe aliyetafuta njia ya katikati, kwamba nahodha aandikwe wa ishirini na tano, akae benchi msimu mzima kwa heshima. Hilo nililipinga kuliko yote. Mtu mzima hukaa pale akiangalia saa, watoto wanamhesabu mechi alizokosa, na kila mtu anajua isipokuwa hakuna aliyemwambia.

Tulipokubaliana, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa inaanza. Dirisha la usajili la wilaya lilikuwa linafungwa Jumamosi, na viongozi walipanga orodha ibandikwe ukutani mwa duka Ijumaa jioni. Nikauliza kwa nini isiwe leo, maana ilikuwa Jumanne. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwalimu, tukimwambia mapema atahamia timu nyingine, halafu atatufunga."

Kwangu mimi, suala zima lilikuwa limeingia ndani ya jibu hilo. Hawakuwa na uhakika na hukumu yao. Walisema mguu wa yule mtu umekwisha, na papo hapo walimwogopa mguu huo huo ukiwa umevaa jezi ya rangi nyingine. Basi walitaka kuifanya hukumu yao iwe kweli kwa kumfungia mlango wa kuikanusha. Hapo ndipo nilipoona jibu la swali nililoanza nalo, au sehemu yake. Haki ya kumpima mtu kwa kesho yake tunayo, maana bila hiyo hakuna timu itakayopangwa wala mwalimu atakayeajiriwa wala binti atakayeozwa. Lakini maadamu kipimo chenyewe ni cha kubahatisha, aliyepimwa lazima aachiwe uwanja wa kutuonyesha kuwa tumebahatisha vibaya. Kumwacha mchezaji Jumanne ni uamuzi. Kumwacha Ijumaa jioni, dirisha likifungwa Jumamosi, ni kumwibia mwaka, na mtu wa miaka thelathini na minne hana miaka mingi ya kuibiwa.

Jumatano mimi na kocha tulikwenda nyumbani kwake. Alitupokea kwa "kamwene" za kutosha, akaleta viti nje, mkewe akaleta chai. Kocha alisema maneno yaliyotakiwa, bila kuyazungusha. Yule bwana alinyamaza, kisha akanigeukia mimi, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosa nini?" Nilimwambia, "Hujakosa kitu, mwanangu." Ni jibu la kweli, na sidhani kama lilimsaidia. Angekuwa amekosa, angeweza kuomba radhi. Asiyekosa hana cha kuomba.

Alisajiliwa na timu ya kata ya jirani kabla dirisha halijafungwa. Sitasema walipokutana nani alishinda, kwa sababu watu wakisikia habari ya namna hii hungoja bao la kisasi, na bao la kisasi halithibitishi lolote. Mei 2019, katika Uwanja wa Samora, Iringa, Lipuli waliwatoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho kwa mabao 2-0, na mfungaji mmojawapo alikuwa Paul Nonga, aliyewahi kuivaa jezi ya Yanga yenyewe na kuondoka. Mkoa mzima ulishangilia, nami nikiwemo. Kuna raha katika jambo hilo ambayo sitaki kuikana. Lakini asubuhi yake nilisikia watu wakisema, "Mnaona? Walikosea kumwachia." Haifuati hivyo. Inawezekana kabisa mtu asifae mahali fulani mwaka fulani na akafaa mno mahali pengine mwaka mwingine. Aliyepimwa hakuwa Nonga mzima, na roho yake na maisha yake. Ilipimwa nafasi moja ndani ya timu moja. Lipuli wenyewe walifungwa na Azam 1-0 kwenye fainali kule Lindi, na mwaka uliofuata wakashuka daraja, kikosi kikasambaa. Kila mmoja wao akapimwa upya na watu wengine kwa mizani nyingine.

Lugha yetu inatusaliti hapa. Mchezaji aliyeachwa tunasema "ametemwa." Kinachotemwa ni kapi la muwa, baada ya kunyonywa utamu. Sijui nani aliyelileta neno hilo katika kurasa za michezo, lakini linasema bayana fikira ambayo tungeona aibu kuitamka kwa maneno mengine. Siku hizi klabu zimeona ukali wake zikaja na upole wa ajabu: hutoa picha ya mchezaji yenye maneno "thank you," na mashabiki husema fulani amepewa "thank you." Yaani asante imekuwa jina la kufukuzwa. Nilikuwa nikiwafundisha wanachuo kwamba neno la heshima likitumiwa mara nyingi kufunika jambo lisilo la heshima, hatimaye huchafuka lenyewe. Niliishia kwenye mifano ya sarufi. Mfano huu ungenifaa sana.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule ya msingi iliyogeuzwa ngazi ya kuwachuja wachache watakaokwenda sekondari, huku walio wengi wakirudi kijijini wakijiona wameshindwa. Hakusema mchujo ukome, kwani nafasi za sekondari zilikuwa haba na lazima mtu achaguliwe. Alichokitaka ni elimu iliyokamilika yenyewe, yenye thamani kwa mtoto hata asipochaguliwa. Mara nyingi nimefikiri kwamba timu nayo ingeulizwa hivyo. Je, miaka tisa ya yule nahodha ilikuwa na thamani yake yenyewe, asubuhi zile za ukungu, safari zile juu ya lori kwenda kucheza Sadani, au ilikuwa ngazi tu ya kufikia orodha ya mwaka wa kumi? Kama ni ngazi tu, basi kweli alitemwa.

Na huyu kijana je? Wapenda timu wengi humwona kama aliyepata. Lakini hata yeye alikuwa amepewa mzigo: aliambiwa kwamba ataibeba timu, naye ameonekana wiki sita. Sifa za kabla ya msimu nazo ni hukumu, tena ni hukumu ambayo mtu haoni sababu ya kuikatia rufani mpaka imemwangukia. Nimeona walimu vijana wakiharibiwa na ripoti nzuri mno. Katika mpira wetu kuna na utani wa "miaka ya mpira," kwamba kila mchezaji ana umri wake na umri wa kwenye fomu. Watu hucheka. Mimi nadhani watu wasingeidanganya miaka kama wangejua kwamba watatazamwa wanavyocheza badala ya kuhesabiwa muda uliobaki.

Kuhusu mashabiki sina mengi. Shabiki ana ruhusa ya kutabiri, hiyo ni sehemu ya burudani yake. Linaloniudhi ni kwamba yule aliyesema Agosti kwamba beki fulani amekwisha, Mei haulizwi. Mchezaji akikosea pasi anazomewa papo hapo na watu elfu. Mpimaji akikosea, msimu mpya unakuwa umeanza na anapima wengine.

Ndiyo maana niliwaomba wale viongozi wa timu ya kata waandike. Si jina na alama tu, bali sababu: nani ameachwa, tumeona nini kwa macho yetu, na tunatabiri nini, mambo hayo matatu yasichanganywe katika sentensi moja. Walinung'unika kwamba huo ni ualimu. Hata hivyo katibu alinunua kaunta buku, akaligawa kurasa kwa rula. Msimu ulipokwisha tulikaa tena, watu wanne, tukalisoma. Kwenye ukurasa wa namba sita kulikuwa kumeandikwa kwamba kijana ataondoka kabla ya Desemba, na pembeni, kwa mwandiko mwingine na wino wa kijani, mtu alikuwa ameandika: "Yupo."